Hewa Niliyoionja Mwenyewe

Jumatatu, 6 Oktoba

Deepika amenipa daftari hili ati niandike saa za kompresa: imewashwa lini, imezimwa lini, imejaza mitungi mingapi. Nimemwambia asante, nikalitia mkobani. Saa za kompresa nazijua kwa kichwa tangu yeye akiwa shule ya msingi. Daftari zuri namna hii, jalada gumu, nitaandika yangu.

Mimi ni Khairunisa, wa zile nyumba za nyuma ya msikiti hapa Kitale. Miaka kumi na minne nimefanya kazi moja, kujaza hewa. Watu wakisikia hivyo hucheka, wakauliza hewa inajazwaje na iko bure kila mahali. Waje waone. Kuna wanaume wanaoingia ndani ya silo, yale mapipa ya bati marefu ya kuwekea mahindi, kuyakwangua kabla mavuno mapya hayajamwagwa. Mahindi ya mwaka jana yaliwekewa vidonge vya kuua wadudu wa dumuzi, na gesi ya vidonge hivyo ikibaki chini huko humuua mtu vilevile. Mwanamume hubeba mtungi mgongoni, huvaa barakoa usoni, na kilichomo ndani ya mtungi ndicho kinachomrudisha kwa watoto wake. Hicho hukijaza mimi.

Duka ni la Mzee Surinder, baba yake Deepika. Kompresa iko chumba cha nyuma na huvuta hewa kwa bomba linalotokea ukutani, upande wa uwanja mtupu wenye majani. Desturi yetu ilianzishwa na marehemu baba yake Mzee: mtungi hautoki dukani kabla aliyeujaza hajauonja. Navaa barakoa, nafungua valvu, nafumba macho, navuta pumzi ishirini. Nikisikia harufu ya mafuta, ya mpira, ya chochote, namwaga hewa yote na kuanza upya. Ikiwa safi naandika K na tarehe kwenye kikaratasi, nakifunga shingoni mwa mtungi. Kuanzia hapa hadi Bungoma, mafundi hawaingii shimoni bila hiyo K.

Leo mitungi sita. Nimeonja, safi.

Jumatano, 8 Oktoba

Minne. Nimeonja, safi. Mvua iliyotakiwa kuwa imekatika bado inatunyeshea, na mahindi yamesimama shambani yakingoja jua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wamalwa amekuja kutoka Bungoma na pikapu kuchukua mitungi. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi kinachosafisha silo za kampuni moja ya huko. Ana tumbo, haingii, kazi yake ni kusimama mlangoni na kushika kamba. Anayeingia ni Jairus, jirani yake aliyekuja naye leo, mwembamba, mcheshi. Jairus akivuta kamba mara moja maana yake niko sawa. Akivuta mara mbili, nitoe.

Hao wawili wanagombania mpaka wa shamba tangu mwaka juzi. Waligombana hata mbele yangu, wakipakia.

"Mwaka huu ukilima tena ile mistari miwili yangu, nitakupeleka kwa chifu," Jairus alimwambia.

"Wewe nipeleke tu. Lakini nani atakushikia kamba?"

"Bana, kamba utashika. Hiyo ni kazi. Mistari ni mistari."

Nikamuuliza Jairus kama haogopi kuingia shimoni huku kamba yake imeshikwa na mtu anayekosana naye. Akacheka. "Mayi," akaniita, mama kwa Kibukusu chao, "mimi naamini vitu viwili. Wamalwa akishika kamba, na wewe ukiweka hiyo K yako. Nikiona K naingia kama naenda kwa choo yangu."

Wakiwa wameenda Deepika alinifuata. Amerudi kutoka Nairobi na digrii, na kila siku ana jambo. Anataka tununue kipimo cha hewa. "Anti Khairu, pua haiwezi kujua kila kitu," akasema. Nikamwambia pua hii ilianza kazi yeye akiwa bado anafungwa kamba za viatu. Haki ya Mungu, digrii nyingine zinawatia watoto kiburi.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Mitano. Nimeonja, safi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo nimefanya wema na roho yangu imetulia.

Bashir, mwenye mashine ya kukaushia mahindi, alikubaliana na Mzee aiweke kwetu msimu huu. Wakulima wanavuna mahindi mabichi kwa sababu ya mvua. Yakikaa siku tatu yanashika ukungu, na mnunuzi akiyapima anayakataa. Trekta iliyovuta mashine ilifika saa tatu ikakwama mlangoni, magurudumu yakazama kwenye tope. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya mikokoteni na malori kutoka vijiji vya Kwanza na Saboti. Mama mmoja wa Saboti, Jeruto, alikuwa na magunia yake na watoto watatu juu yake. Aliufungua mdomo wa gunia moja akauingiza mkono wangu ndani. Mahindi yalikuwa ya moto.

"Yameanza kuoza, mama," aliniambia. "Hii ni karo, ni chakula, ni kila kitu. Kama si leo, basi."

Bashir alitaka kurudi zake. Mzee alikuwa anakuna ndevu. Mimi ndiye niliyesema, "Si muipeleke nyuma? Pale kwa ukuta wa kompresa kuna saruji, hakuna tope." Wote wakaniangalia kama nimewaletea maji jangwani. Kufikia adhuhuri injini ya dizeli ilikuwa inanguruma na mahindi ya Jeruto yanazunguka ndani. Alinishika mikono yote miwili.

Mitungi minne. Nimeonja, safi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sita. Nimeonja, safi. Kichwa kinaniuma, nadhani ni kelele za injini.

Jumatano, 22 Oktoba

Mitano. Safi. Kichwa tena. Mama ananikandamiza chai ya tangawizi na maneno, ati mwanamke wa miaka arobaini na tatu hawezi kushinda na vyuma kama mwanamume.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wamalwa amepiga simu asubuhi. "Mayi Khairu, hewa yenu siku hizi inareta kichwa. Jairus juzi ametapika."

Anasema "inareta". Huwa namtania kwa hilo, na leo pia nilimtania. Kisha nikamwambia wapunguze pombe yao ya busaa siku za kazi, kichwa kitapona chenyewe. Halafu akasema, "Sawa, mayi. Wewe ndiye unaonja."

Deepika alikuwa amesikia. Akaenda moja kwa moja kwa baba yake, akataka hewa ya mtungi mmoja ipelekwe ikapimwe. Mzee akasema baada ya mavuno, sasa kazi ni nyingi. Deepika akanigeukia mimi, akitaka nimuunge mkono. Nilisema, "Duka hili lina miaka hamsini. Halijaua mtu." Msichana akatoka akabamiza mlango. Mzee alinitazama kwa shukrani, na mimi nilijiona mtu wa maana sana.

Jumapili, 26 Oktoba

Mashine imezimwa, Bashir amepumzika. Nimefua, nimesuka nywele. Kichwa hakiumi kabisa. Nililala mchana kama mtoto.

Jumanne, 28 Oktoba

Siku ya mvua kuliko zote. Ilinyesha tangu alfajiri bila upepo, ukungu ukakaa juu ya mabati na haukuondoka. Wakulima walikuwa wanalowa wakingoja zamu, na mahindi yaliyokwisha kukauka yalikuwa yanarukiwa na maji. Nikamsaidia Bashir kufunga turubai kubwa kutoka kwenye paa letu hadi juu ya mashine, tukashusha pembe zake pande zote hadi chini, tukazifunga kwa mawe. Watu wakawa wanaingia humo kidogo kuota joto la injini, kisha wanatoka. Jeruto alikuwepo na shehena ya pili, akanigawia mahindi ya kuchoma.

Wamalwa ametaka mitungi minane, na minne mingine ni ya akiba. Kumi na miwili kwa siku moja, sijawahi kujaza mingi hivyo. Kufikia wa tisa miguu ilikuwa inatetemeka. Wa kumi na moja nilishika meza nisianguke. Nilikuwa sijala mchana isipokuwa yale mahindi, nikajiambia ni njaa. Nilivuta pumzi ishirini za kila mtungi, sikupunguza hata moja. Hakukuwa na harufu yoyote. Niliandika K kumi na mbili.

Nyumbani nilitapika. Mama anasema damu imepungua, nile maini.

Alhamisi, 30 Oktoba

Wamalwa mwenyewe alikuja kuchukua minane. Jairus hakuja, alikuwa anavuna. Minne imebaki stoo.

Jumatatu, 3 Novemba

Stima imepotea mchana kutwa. Hakuna kazi.

Jumanne, 4 Novemba

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jairus amefariki. Simu ilikuja saa nane. Aliingia silo ya tatu saa tano na robo, akavuta kamba mara moja. Wamalwa akamjibu. Baada ya nusu saa akavuta tena mara moja. Kisha kamba ikalegea, Wamalwa akadhani ameketi kupumzika, kwa sababu huwa anaketi. Alipomvuta hakusaidia hata kidogo, akatoka kama gunia. Barakoa ilikuwa bado usoni, Wamalwa anaapa hivyo. Walimfikisha hospitali akiwa hayupo tena duniani.

Sijui niandike nini zaidi. Nimekaa na kalamu.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumekwenda Bungoma kutoa pole, Mzee, Deepika na mimi. Kwanza tulipitia kwenye silo. Meneja, mtu wa miwani na sauti ya upole, alituambia bila sisi kumuuliza kwamba marehemu alivua barakoa. "Wanavuaga," alisema. "Wanasikia joto, wanavua, gesi ya vidonge inawapata. Tuliwaonya."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisikia kitu kikishuka kifuani, nikashukuru Mungu kwamba ni gesi ya vidonge, kwamba ni uzembe wa Jairus mwenyewe, kwamba si mimi. Mzee naye aliitikia kwa kichwa mara nyingi.

Nyumbani kwa marehemu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mjane wake, Rispah, alikuwa ameketi kwenye mkeka, hakulia, hakusema. Mwenye kusema alikuwa kaka mkubwa wa Jairus, mwendesha bodaboda, bonge la mtu. Anasema barakoa si hoja. Anasema kamba ndiyo hoja. Kamba inalegea, mtu wa kamba anangoja nini? Na kwa nini mtu wa kamba ni yuleyule anayetaka mistari miwili ya shamba? Wamalwa amelala polisi siku mbili, ametoka kwa dhamana, na sasa wamemwambia akishazikwa mtu wao, yeye na mke wake na watoto wahame. Wasipohama, nyumba itawaka.

Niliyaamini hayo nusu. Mpaka wa shamba ni kitu kibaya. Nilimwona Wamalwa kwa mbali upande wa pili wa ua wa miti, amesimama kwake, hathubutu kuvuka, nikageuza uso.

Ijumaa, 7 Novemba

Mitano. Nimeonja. Safi.

Jumapili, 9 Novemba

Mashine imezimwa. Kichwa hakiumi.

Jumanne, 11 Novemba

Sina raha na sentensi ile ya juzi. Niliandika tu kama ninavyoandika kila kitu, kisha jana nzima ikanirudia nikiwa nakuna nazi. Mashine imezimwa. Kichwa hakiumi.

Leo baada ya swala ya alasiri nimekisoma kitabu hiki tangu ukurasa wa kwanza. Nimesoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama ninavyomsomea Mama barua. Tarehe 6, 8, 14: safi, na hakuna kichwa. Tarehe 17, mashine. Tarehe 20, kichwa. Tarehe 22, kichwa. Tarehe 24, Jairus ametapika. Tarehe 26 mashine imezimwa, nimelala kama mtoto. Tarehe 28 tumefunga turubai.

Niliinuka nikaenda nyuma ya duka. Bashir alinisalimia, sikumjibu. Bomba letu la kuvutia hewa linatokea ukutani kwa urefu wa kifua changu. Moshi wa injini yake unatoka hatua mbili kutoka hapo. Nimepita pale kila siku kwa wiki tatu. Ni mimi niliyewaelekeza waje pale, na siku ya turubai ni mimi niliyefunga pembe kwa mawe.

Lakini hakuna harufu, niliendelea kujiambia. Wallahi nilionja, hakukuwa na harufu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia Deepika. Ilinichukua asubuhi nzima. Nilimpa daftari asome mwenyewe, hata pale nilipomsema vibaya. Alisoma hadi mwisho, akalifunga, akaliweka kwenye goti.

"Anti, ndani ya kompresa kuna chujio la makaa," alisema. "Kazi yake ni kunyonya harufu. Harufu ya dizeli inabaki pale. Lakini ile sumu yenyewe haina harufu na chujio haliikamati. Ni ileile ya jiko la makaa, watu wakilala nalo ndani ya nyumba iliyofungwa."

Kila mtu wa huku anaijua hiyo. Kila msimu wa baridi tunazika watu wa jiko. Hata mimi humwambia Mama alitoe jiko nje kabla ya kulala.

Nilitaka anitukane. Badala yake aliniuliza kama nimekula, akachukua funguo za gari akaenda Eldoret kuazima kipimo kwa rafiki yake.

Alhamisi, 13 Novemba

Bado kuna ile minne ya tarehe 28 stoo, K yangu shingoni. Tulifungua mmoja mbele ya Mzee. Deepika alisema hesabu ya sumu haitakiwi kupita kumi. Ilipita mia kabla sijakaa vizuri. Ikafika mia tatu, ikafika mia tano, kisha kipimo kikaanza kulia na hakikuweza kupanda zaidi.

Mzee alikaa chini juu ya kreti. Nimemjua miaka kumi na minne na sijawahi kumwona mzee vile. Alisema, "Duka hii baba yangu alijenga na mkono yake." Baadaye akasema tungoje wakili, tusiseme kitu hadi mazishi yapite, watu wa Bungoma wana hasira. Deepika akabishana naye kwa Kipunjabi, sauti zikapanda, wakatoka nje.

Nikabaki na mitungi minne. Nitaandika na hili. Nilishika valvu ya wa pili. Kuufungua ni robo ya mzunguko, na ndani ya dakika chache hakuna kipimo duniani kingejua nilijaza nini. Mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Meneja ameshasema ni barakoa. Kaka amesema ni kamba. Hakuna aliyenitaja. Mkono wangu ulifungua, na hewa ilianza kutoka kwa mluzi.

Nilimkumbuka Wamalwa amesimama ng'ambo ya ua wa miti. Nikafunga. Nililia mpaka Deepika akarudi akanikuta chini.

Mara moja alipiga simu kwenye ofisi ya silo kuuliza mitungi mingine. Aliambiwa kila kitu kimefungiwa stoo tangu siku ya ajali. Alhamdulillahi, nikasema, hilo moja angalau. Kompresa tumeizima. Bashir ameondoa mashine yake bila kuuliza mengi. Wateja wote waliochukua mitungi baada ya tarehe 17 Deepika amewapigia, na yao wamerudisha.

Ijumaa, 14 Novemba

Mazishi ni kesho. Wamalwa atafukuzwa kesho. Mzee amesema kama tunakwenda, twende bila yeye, na amejifungia dukani. Sikumkasirikia. Naelewa sana kile anachokiogopa.

Mama amejua yote. Akasema, "Mwanangu, umeua bila kujua. Usiue tena ukijua." Akaniwekea kanga safi.

Jumapili, 16 Novemba

Jana.

Tulifika saa nne. Turubai zilikuwa zimejaa, watu wamesimama hadi kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Jeneza lilikuwa mbele, kaburi nyuma yake limechimbwa, udongo mwekundu. Rispah amekaa kwenye mkeka pale pale. Meneja wa silo alikuwa kiti cha mbele na bahasha. Wamalwa alikuwa amekuja licha ya yote, ameketi chini peke yake karibu na ua wa miti, na wanaume wanne wa ukoo wamesimama juu yake.

Meneja alisema yake, kwa upole wake, kuhusu barakoa. Kisha kaka wa Jairus akachukua kipaza sauti. Hakupiga kelele. Alisema, "Leo tunazika. Na leo kabla jua kuzama, mtu wa kamba anatoka katika ardhi hii. Nimemaliza."

Watu walipiga mguno wa kukubali. Deepika alinishika kiwiko, nikasimama, nikamwomba mwenye kuongoza ibada nafasi. Aliniangalia mtandio wangu, mgeni, akasita. Rispah ndiye aliyesema, "Mpeni."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yalinipotea yote. Nilisema hivi:

"Naitwa Khairunisa. Hewa aliyovuta Jairus niliijaza mimi, Kitale. Niliruhusu injini ya dizeli kando ya bomba la kuvutia hewa. Moshi uliingia mtungini. Hauna harufu, nilionja sikuujua. Wamalwa aliniambia hewa ina kasoro karibu wiki mbili kabla, nikamtukana kuwa ni pombe. Jairus hakuvua barakoa. Angevua pengine angekuwa hai. Kamba haikumuua. Mtungi tumeupima, na ninao mwingine hapa ndani ya gari, yeyote anayetaka kupima apime. Niliyemuua ni mimi."

Kisha kelele zikaja pamoja. Donge la udongo lilinipiga begani, na jingine likampata Deepika, hakusogea. Meneja alisimama akaanza kutafuta njia ya kutokea. Wale wanaume wanne walimwacha Wamalwa wakaja upande wangu, na kaka wa marehemu mbele yao. Nilifumba macho. Kusema kweli nilitaka anipige.

"Ngojeni."

Alikuwa Rispah. Alikuwa amesimama kutoka kwenye mkeka, na kwa kuwa siku kumi na moja hakuna aliyemwona akisimama mbele ya watu, kelele zilikatika. Alinikaribia mpaka nikaona nyuzi nyekundu za macho yake. Nilingoja laana. Aliniuliza, "Siku hiyo ulijaza mingapi?"

"Kumi na miwili, mama."

"Mmoja ni wa mume wangu. Ile ingine iko wapi?"

"Minne nilibaki nayo mwenyewe. Saba imefungiwa stoo ya silo. Tuliuliza, wakasema imefungiwa."

Akageuka, akatafuta kwa macho hadi kule kwenye ua. "Wamalwa. Ni kweli iko saba?"

Wamalwa alikuwa amesimama. Nilimwona akihesabu kwa vidole. Mafundi wa huku huazimana mitungi, huyu akipungukiwa anachukua kwa yule, hakuna karatasi, hakuna ofisi inayojua. Nilijua hilo. Miaka kumi na minne nimelijua, na sikulifikiria.

"Tatu," Wamalwa alisema. "Nne niliazima vijana wa Kibabii. Wanapaka rangi ndani ya tangi ya maji." Akatafuta simu mfukoni. "Wameanza reo asubuhi."

Deepika alikuwa tayari na simu sikioni, akiita ambulensi. Wamalwa naye akawapigia wale vijana. Ililia, ililia. Simu walikuwa wameziacha nje ya tangi, kwenye makoti, tulivyokuja kujua baadaye. Rispah hakungoja. Alimwendea shemeji yake, yule bonge la mtu, akamshika shati kifuani. "Pikipiki yako. Mbebe Wamalwa. Yeye anajua hapo mahali."

Shemeji alimwangalia Wamalwa. Kisha akatupa mguu juu ya pikipiki, akaiwasha, na Wamalwa na tumbo lake akapanda nyuma, akamshika kiunoni mtu aliyeapa kuchoma nyumba yake. Waliondoka kupitia katikati ya waombolezaji.

Mwenye kuongoza ibada alikohoa. Alisema wakati umekwenda, pengine tuendelee, vijana washike kamba za jeneza. Vijana sita wakasogea.

"Jeneza lisishuke," alisema Rispah.

"Mama, jua..."

"Nimesema lisishuke. Jairus atangoja. Hawezi kuingia chini na watu wengine wako ndani bado."

Akaweka mkono juu ya jeneza na kubaki hivyo. Hakuna aliyeketi. Jua lilikuwa limetoka, la kwanza la haja katika mwezi mzima, likatuchoma vichwa. Mtoto alilia akanyonyeshwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale nilipokuwa nimesimama nikisema yangu, katikati, na hakuna aliyenigusa tena wala kunisemesha. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikuwahi kuyatumia. Sikumwomba anisamehe. Nilimwomba watoke.

Dakika arobaini na tano, Deepika ananiambia. Mimi ningesema mwaka.

Simu ya Rispah ndiyo iliyolia. Ilikuwa shemeji yake. Alisikiliza, akauliza kitu kwa Kibukusu, akasikiliza tena. Kisha akaishusha simu.

"Walikuwa watatu," alituambia. "Wawili wametoka kwa mguu yao, wanatapika. Mmoja Wamalwa amembeba mgongoni. Amefungua macho. Anaitisha maji."

Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti, na wengine wakampokea. Rispah aliondoa mkono wake juu ya jeneza, akajifuta uso kwa leso, akarudi kwenye mkeka wake akaketi.

"Sasa," alisema, "nizikieni mume wangu."